Gari Lililokataa Mlima

Theonest alikufa akiwa amelishika panga kwa makali. Vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekatika, kimoja kikining'inia kwa ngozi, na Inspekta Generosa Rwezaula aliviinua kimoja kimoja, akavitazama, akavirudisha juu ya shuka. Mlinzi huyu hakukimbia. Alipigana mpaka mikono ikamwishia, ndipo wakamkata shingo.

Kitanda cha pili kililaza tajiri wake, Jashvant, mnunuzi wa dhahabu wa Katoro. Yeye alipigwa risasi moja tu, chini ya kidevu, kwa karibu mno hata ndevu zikaungua.

"Aliyempiga alisimama dirishani kama mtu anayeuliza njia," Generosa alimwambia Koplo Ngassa. "Gari linalokimbia husogelei hivi."

"Basi lilikuwa limesimama, afande."

"Au lilikuwa linatembea kama mtu."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa nane, mwaka 1998. Jana yake, saa mbili na nusu asubuhi, gari la Jashvant lilivamiwa kwenye mlima wa Kona ya Mawe, barabara ya Katoro kwenda Ushirombo, hatua chache ndani ya mkoa wa Shinyanga. Watu wawili walitoka majabalini na bunduki na panga. Walimuua tajiri, wakamuua mlinzi, wakachukua mkoba wa dhahabu. Dereva, Donatus, walimkata bega akaanguka uvunguni mwa gari. Lori la pamba lilipotokea upande wa pili wakakimbia. Dereva akabaki hai, na kwa sababu hiyo watu wote sasa walitaka afe.

Nje ya kituo cha afya, kwenye benchi, Heena mjane wa Jashvant alikuwa amekaa wima, sari yake nyeupe imechafuka vumbi jekundu mpaka magotini. Ngassa alimwamkia kwa upole, "Pole sana, Mama Mamta." Mjane aliinua uso. Alimtazama Generosa.

"Inspekta, wanasema ni Donatus. Donatus ameendesha gari letu miaka kumi na moja. Amewapeleka wanangu shule Mwanza, masika na kiangazi. Angetaka kutuuza angekwisha kutuuza zamani."

"Watu hubadilika, mama."

"Hubadilika. Lakini nenda ukamtazame machoni kabla hawajayafumba."

Kituo kidogo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili. Generosa alizipiga kwa haraka. Alimkuta Donatus amelala kifudifudi kwenye saruji, kitambaa cha begani kimekauka damu, nyayo zimevimba na kupasuka. Sajini Machibya, mkuu wa kituo, alikuwa anafuta jasho. Rungu lilikuwa juu ya meza, karibu na kikombe cha chai.

"Nani amempiga nyayo?"

"Alianguka, afande."

"Akaangukia nyayo?"

Generosa alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa dereva.

"Donatus. Mimi ni Inspekta Generosa, nimetoka Shinyanga. Gari lilizima?"

"Halikuzima." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Injini inanguruma. Nimekanyaga mafuta mpaka chini. Gari linakataa mlima. Nikaingiza gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Wakatoka kwenye mawe wakitembea, afande. Wanatembea tu. Bosi akasema, 'Donatus, kanyaga.' Nikamwambia nimekanyaga."

"Kabla ya mlima?"

"Kutoka Katoro mpaka pale ni tambarare. Lilikwenda vizuri."

"Mara ya mwisho lilipanda mlima lini?"

"Jumatano. Nilitoka Geita na mzigo. Lilipanda kama mbuzi."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi lilishinda gereji. Kwa Herman, Katoro. Pedi za breki."

Machibya alicheka puani. "Hadithi hiyo, afande. Alipunguza mwendo, wenzake wakapanda. Kwa nini wao wamekufa na yeye amekatwa kidogo?"

"Bega lile unaliita kidogo?" Generosa alisimama. "Huyu apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Mfunge pingu kitandani ukitaka, lakini apelekwe. Na asiguswe tena."

"Ndiyo, afande." Machibya alipiga saluti safi kabisa.

Gari liliegeshwa nyuma ya kituo: la Kijapani, refu, la dizeli, jeupe, lenye matundu manne ya risasi. Mawili yalikuwa mlangoni, moja kwenye kioo cha mbele, moja kwenye boneti. Viti vya nyuma vilikuwa vyeusi kwa damu na nzi. Kando yake alisimama mtu aliyekuja na Generosa kutoka Shinyanga mjini, fundi Mwita Chacha, mzee wa miaka hamsini na mitano. Alifanya kazi karakana ya mgodi wa Mwadui miaka kumi na minne, na magari yenye kompyuta yalipoanza kuingia nchini yeye ndiye aliyepelekwa kuyasomea.

"Fundi, dereva anasema lilikosa nguvu mlimani. Sajini anasema dereva mwongo. Nani mkweli?"

"Gari, mura," Mwita alisema, akisahau kwamba anaongea na inspekta wa kike. "Gari halina ndugu."

Walitandika magunia juu ya damu, wakaingia. Ngassa aliendesha gari la polisi nyuma yao. Kwenye tambarare la barabara, gari la marehemu lilikwenda bila kulalamika, kilometa sitini, sabini. Mwita alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Kisha wakateremka Kona ya Mawe, wakageuza gari upande wa Katoro, wakaanza kupanda.

Mlima ulianza taratibu, halafu ukasimama wima kati ya majabali mawili makubwa. Mwita alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini iliunguruma. Mshale wa mwendo ukashuka: arobaini, ishirini, kumi. Ngassa aliteremka kwenye gari lake, akaja kwa miguu, akamfikia Generosa dirishani bila hata kuharakisha.

"Habari za safari, afande," alisema, kidole amekinyoosha kama mtutu.

Hakuna aliyecheka. Chini ya viatu vyake maganda ya risasi yalikuwa bado yamezungushiwa chokaa ya askari wa jana. Yote saba yalikuwa ndani ya hatua kumi, pale pale gari lilipoishiwa.

"Hawakuvizia barabara," Generosa alisema. "Walivizia hatua hizi kumi. Walijua litaishia wapi. Endelea, fundi. Kwa nini limeishiwa?"

Mwita alifungua boneti. Alianza na vitu vya kawaida. Chujio la hewa lilikuwa safi. Chujio la dizeli safi, halina maji. Alivua bomba la hewa akaizungusha tabo, feni ya kusukuma hewa, kwa kidole, nayo ikazunguka nyepesi, bila kugusa ukuta. Mabomba makubwa yalikuwa yamekaza, hayavuji. Ndipo akatoa kipande cha waya mfukoni, akaunganisha matundu mawili ya kiboksi kidogo kilichokuwa kando ya injini, akamwambia Generosa atazame taa ya dashibodi.

"Ihesabu."

Taa ilimulika mara tatu, ikapumzika, ikamulika mara tano. Ikarudia vile vile.

"Tatu, tano."

"Hiyo ni sensa ya tabo." Mwita alimwonyesha kidude cheusi kama kiberiti, kimefungwa ukutani mwa injini, mpira mwembamba umeingia chini yake. "Tabo inasukuma hewa ndani ya injini. Sensa hii inaipima hewa hiyo na kuiambia kompyuta. Kompyuta ikisikia hewa imeongezeka, inamwaga dizeli zaidi, unapata nguvu. Sensa ikinyamaza, kompyuta inadhani hakuna hewa. Inakupa dizeli ya kutembelea tambarare tu."

"Kwa hiyo sensa imekufa. Yenyewe."

"Taa inasema hivyo."

Generosa alitazama majabali. Kama sensa ilikufa yenyewe, Donatus alikuwa mkweli, lakini majambazi walikuwa na bahati tu, na upelelezi unaishia hapa, juu ya mlima. Bahati haina anuani. Na hatua zile kumi zilimkataza kuiamini.

"Fundi, tundu hili la boneti. Risasi ilikwenda wapi?"

Mwita aliinama. Alifuata kwa kidole kutoka tundu la boneti kwenda chini, akafika kwenye plagi ya sensa, akatoa kauli moja ya Kikurya. Risasi ilikuwa imepita kwenye waya. Nyuzi mbili kati ya tatu zilikatika.

"Basi taa haikudanganya, ila imeongea habari ya baadaye," alisema. "Waya umekatwa na risasi. Na risasi ilipigwa gari likiwa limekwisha kuishiwa."

"Tengeneza waya. Tupande tena."

Mwita aliunga nyuzi, akazifunga utepe, akachomoa waya wa betri akangoja dakika chache ili kompyuta isahau, akarudisha. Taa safari hii ilimulika bila kupumzika, ikimaanisha kila kitu kizima. Walirudi nyuma mpaka chini, wakapanda. Arobaini. Ishirini. Kumi.

"Haleluya," Mwita alisema kwa hasira.

Alitoa mita yake, akachoma sindano zake kwenye waya wa sensa. Umeme uliingia volti tano, kama unavyotakiwa. Uliotoka ulikuwa moja na nusu, na hata alipomwamuru Ngassa akanyage mafuta mpaka injini ikapiga kelele, moja na nusu haikusogea. Kisha akafanya jambo ambalo Generosa alilielewa bila kuelezwa. Alichomoa mpira mwembamba upande wa injini, akauvika kwenye pampu ya baiskeli, akapiga. Mita haikusogea. Akauchomoa mpira wote, akaivika pampu kwenye sensa yenyewe, akapiga. Moja na nusu. Mbili. Mbili na nusu. Tatu.

"Sensa nzima," Generosa alisema. "Mpira umeziba."

Mwita aliukata kwa wembe, kwa urefu, kama mtu anayepasua samaki. Katikati kulikuwa na goroli ya chuma, ndogo kama punje ya choroko, imebana, imepakwa grisi ili iteleze kuingia.

Alimwekea Generosa kiganjani.

"Hii haikuingia na vumbi," alisema. "Mtu aliisukuma. Na ni mtu aliyesoma, afande. Angekata waya, taa ingewaka palepale gereji na dereva angeuliza. Kwa goroli taa haiwaki. Gari linakwenda vizuri mpaka mlima wa kwanza."

"Na mlima wa kwanza kutoka Katoro ni huu."

"Ni huu."

Alikata kipande cha mpira mpya, akauvika. Safari ya tatu gari liliupanda mlima wa Kona ya Mawe kwa gia ya tatu, Ngassa akaachwa nyuma kwenye vumbi.

Huko juu waligeuza, na hawakusimama mpaka Katoro.

Gereji ya Herman ilikuwa ua wa mabati nyuma ya soko, mkabala na duka la Jashvant ambalo siku hiyo lilifungwa. Ilikuwa saa saba, soko limejaa wachimbaji na wauza dagaa. Herman alitoka chini ya lori, mtu mnene, mchangamfu, mikono imeng'aa mafuta. Aliliona gari jeupe, akaliona tundu la boneti, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mungu amlaze pema mzee Jashvant. Nasikia ni dereva?"

"Tunasikia hivyo," Generosa alisema. "Alhamisi ulilitengeneza hili."

"Pedi za breki, magurudumu ya mbele. Basi."

"Boneti ulifungua?"

"Ya nini? Breki ziko magurudumuni. Boneti sikuigusa kabisa."

"Hata kidogo?"

"Naapa, afande. Siku nzima."

Mwita alikuwa amesimama nyuma ya Generosa, kofia mkononi. Aliongea polepole, kama fundi kwa fundi.

"Ulibadilisha pedi, ukarudisha pistoni za breki ndani, na hukufungua kopo la mafuta ya breki? Mafuta yakirudi yanakwenda wapi, mura? Yangefurika. Kila fundi anafungua boneti. Kuikataa unaikatalia nini?"

Tabasamu la Herman halikuondoka usoni, lilibaki pale kama limesahaulika, wakati mkono wake ukishuka kwenye spana ya magurudumu iliyoegemea lori.

Ngassa aliuona akiwa amechelewa. Chuma kilimpata tayani, meno mawili yakaruka na damu, akaanguka kwa magoti. Pigo la pili lilimwendea Mwita. Mzee aliinua mkono kukinga kichwa na mfupa ukalia kama kuni kavu. Herman aliruka juu yake kuelekea mlangoni, spana juu, na mlangoni alisimama Generosa.

Alipiga risasi moja. Goti la Herman lilifumuka. Alikwenda chini na uso, akajaribu kutambaa, akiacha mfereji mwekundu kwenye mchanga wenye oili.

Generosa alimpokonya spana, akaitupa. Aliweka kiatu chake kando ya lile goti. Hakulikanyaga.

"Nani walikuwa mlimani?"

"Nakufa!"

"Hufi. Nani?"

Nje, soko lilikuwa limesikia risasi. Sauti ya kwanza, ya mtu aliyechungulia mabati, iliita, "Amewaua yeye, fundi!" Ya pili ikaita tairi. Mabati ya ua yakaanza kupigwa kwa mawe, kwanza moja, kisha kama mvua.

"Unawasikia?" Generosa alisema. "Hao hawatakuuliza kitu. Mimi nakuuliza. Ukinijibu nitasimama kati yako na wao. Usiponijibu pia nitasimama, lakini kwa muda gani? Niko peke yangu, koplo wangu hana taya."

Herman alilia kama mtoto. Majina yakatoka: Lugata na Kishosha, ndugu wawili, wachimbaji. Walikuwa wamejificha kwenye duara, shimo la wachimbaji lililoachwa, nyuma ya mnada wa ng'ombe, na mkoba walikuwa nao.

"Na Donatus?"

Herman alimtazama kwa mshangao wa kweli, katikati ya maumivu.

"Donatus? Donatus angekuwa na sisi, goroli ingekuwa ya nini?"

Lango liling'oka. Walioingia mbele walikuwa kama ishirini, mapanga na mitarimbo mikononi, mmoja amebeba tairi begani na mwingine kopo la mafuta ya taa. Jiwe lilimpata Generosa kichwani, damu ikamwingia jicho. Aliinua bastola kwa mikono miwili.

"Wa kwanza nitampiga!" alisema. "Wa pili pia! Mna hakika nani atakuwa wa kwanza?"

Walisita, lakini waliokuwa nyuma walisukuma. Ndipo sauti ya mwanamke ikapasua katikati yao. Heena alikuwa ameteremka kwenye gari lililoleta maiti ya mumewe, bado limewashwa mlangoni pa duka. Alipita kati ya mapanga akiyasukuma kwa kiganja.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Ni mume wenu? Ni wangu! Mwacheni aende mahakamani. Nataka asimame, nataka aseme mbele yangu alichofanya. Mkimchoma ataniambia nini?"

Mwenye tairi aliishusha. Hakuiweka mbali, ila aliishusha, na hiyo ilitosha. Generosa na Ngassa walimburuta Herman mpaka garini, Mwita akafuata amebeba mkono wake uliovunjika kama kitu cha mtu mwingine. Mawe yalivunja kioo cha nyuma walipokuwa wanaondoka.

Walipitia kituo cha polisi cha Katoro, Generosa akamkabidhi Herman chini ya ulinzi wa askari sita na kutaka daktari. Saa nane na nusu askari walizingira duara. Kishosha alitoka na bunduki, akauawa mdomoni mwa shimo. Lugata alitoka na mikono juu, mkoba ukiwa shingoni mwake.

Saa kumi jioni Generosa alirudi kituo kidogo, peke yake, kitambaa kichwani. Aliingia kwanza kituo cha afya. Nesi alimwambia hakuna dereva aliyeletwa.

Alivuka barabara akikimbia.

Sajini Machibya alisimama, akapiga saluti, akamnyooshea karatasi.

"Amekiri, afande. Saa saba kamili. Kila kitu kimo humo."

Generosa aliisoma. *Mimi Donatus, kwa hiari yangu, nasema kwamba nilipofika mlima wa Kona ya Mawe nilikanyaga breki kwa makusudi, kama tulivyokubaliana.* Chini yake kulikuwa na dole gumba, jeusi, kubwa, bila mtetemo hata kidogo.

"Donatus ana leseni," alisema. "Anasoma na kuandika. Kwa nini dole?"

"Hakuweza kushika kalamu, afande."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

Alikuwa amelala, ndiyo, chali safari hii, amefunikwa gunia mpaka kifuani. Generosa alipiga magoti. Aligusa taya, lilikuwa limekaza. Aligusa shingo, imekaza. Kiwiko kilikataa kukunjuka. Kwenye mkono wa kulia gumba pekee lilikuwa na wino. Alikaa pale muda, mkono wake juu ya ule mkono, na askari wawili vijana waliokuwa mlangoni walitazama sakafu.

Alipotoka aliweka karatasi ile mezani, akaipapasa inyooke.

"Kukakamaa kunaanzia tayani," alisema. "Kufika viwiko ni saa nne, tano. Donatus alikufa kabla ya saa sita. Saa saba ulimchukua marehemu mkono ukampaka wino."

"Afande, huyu alikuwa jambazi..."

"Gari lilikuwa na goroli kwenye mpira wa sensa. Fundi aliyeiweka amekiri, na mkoba umepatikana. Huyu alikuwa dereva. Alikanyaga mafuta mpaka chini, na alikwambia."

Machibya alirudi nyuma hatua moja. Aliwatazama askari wake wawili. Hakuna aliyesogea.

Generosa alivuta kitabu cha matukio, akakifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa. Aliandika jina la Donatus kwenye nafasi ya marehemu, na kwenye nafasi ya mtuhumiwa akaandika jina jingine, kwa herufi kubwa ili lisomeke.

"Vua mkanda, Sajini," alisema bila kuinua kichwa. "Na viatu."